Wageni Katika Mifupa ya Kaka

Kazi yangu kiwandani ni matundu ya vifungo. Mikono ya mashati wanashona wengine, ukosi wengine, mimi matundu tu. Mashine yake inaunguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na vidole vinajua njia, kwa hiyo kichwa kinabaki bila kazi. Mwaka ule kichwa changu kilikuwa na ndoto moja ya mchana, ikija na kurudi: najiona natembea ndani ya mifupa ya kaka yangu.

Sikuitunga bure. Sehemu yangu ilikuwa humo kweli.

Kaka ni fundi rangi. Alianza kwa kuchoka, akachoka mpaka akawa anapumzika katikati ya ngazi, brashi mkononi, rangi inamdondokea kwenye viatu. Daktari, mwanamke mpole aliyependa kuacha miwani ining'inie kifuani, alitueleza kwamba damu hupikwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho wa kaka ulikuwa jiko lililozimika. Alihitaji uboho wa mtu mwingine, mtu ambaye vinasaba vyake vinafanana na vya kaka kiasi kwamba mwili usiufukuze. Tukapimwa. Mama alilingana naye nusu. Mimi nililingana naye kabisa.

"Yaani katika watu wote," kaka alisema, "ni huyu?"

"Rudisha basi," nikamwambia.

"Nirudishe nini, na bado sijapokea?"

Walinilaza kifudifudi, nikapotea kwa dawa, nikaamka kiuno kinauma kama nimepigwa teke na punda. Jioni ile nilisimama nje ya chumba cha kaka, kwenye dirisha la kioo, nikauona uboho wangu umening'inia kwenye mfuko, mwekundu na mzito kidogo, unashuka tone kwa tone hadi kwenye mshipa wake. Nilimuuliza daktari nani anauelekeza njia mpaka kwenye mifupa. Akasema hakuna. Chembe zake zitasafiri na damu, na mifupa zitaitafuta zenyewe.

Ndipo ndoto ilipoanzia. Nilijiona kwenye ukumbi mrefu, mweupe kama shuka lililopigwa pasi, wenye milango midogo pande zote. Nabisha hodi. Hakuna anayejibu, naingia, nafungua dirisha, naenda chumba kinachofuata. Mkononi nina sindano, lakini uzi sina. Kila nilipofungua dirisha, kwa mbali nilisikia kitu kama maji yanaanza kuchemka.

Daktari alituambia kuna mambo mawili ya kuogopa. La kwanza, wageni, yaani zile chembe zangu, wakose mahali pa kukaa. Hilo lilipita, wiki zilisogea, damu ikaanza kuonekana kwenye vipimo, kaka akapata rangi kwenye midomo na kuanza kulalamikia chakula, tukajua anapona. La pili lilikuwa baya zaidi. Wageni wanaweza kukaa vizuri, wakapata nguvu, halafu wakatazama huku na huku, wakaona nyumba si yao, wakaanza kubomoa kuta.

"Mara nyingi huanzia kwenye ngozi," alisema. "Mkiona vipele, msingoje kesho."

Mama alilielewa hilo kwa njia yake: kwamba mtoto wake mmoja anaweza kumla mwenzake. Hakulitamka. Lakini kaka aliporudi nyumbani, kila asubuhi Mama alimpandisha shati, akamkagua mgongo kama anayetafuta doa kwenye kitambaa, na akimaliza alinitazama mimi.

Bibi, mama yake Mama, yeye hakuwa na woga huo. Tangu tukiwa wadogo anamwita kaka "mume wangu" na mimi "mke mwenzangu". Aliposikia kwamba damu ya kaka ikipimwa sasa inasomeka kuwa ya mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni mimi, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Basi mimi nimekwisha," alisema. "Mume wangu na mke mwenzangu wamekuwa mtu mmoja. Nimebaki mjane na wote wapo hai."

Siku daktari alipomruhusu kaka kula kila kitu, Bibi alikuja na karanga za kukaanga ndani ya fundo la leso, zile alizokuwa akimletea tangu utotoni. Mimi nikainuka kama kawaida yangu, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya uani. Karanga na mimi hatupatani. Nikizila, hata kwa bahati mbaya, midomo inavimba, na kaakaa linawasha mpaka nalikwaruza kwa ulimi, sauti inatoka kama panya kwenye kabati. Kaka amenicheka kwa hilo miaka yote.

"Nenda kajifiche," alinifuata na maneno, mdomo umejaa. "Zisikuone."

Nilikaa pale nikitazama nguo kwenye kamba. Punde nikasikia sauti ya Mama, ya chini sana.

"Njoo uone."

Shingo ya kaka ilikuwa imetoka mabaka mekundu yaliyoinuka. Shati lilikuwa limeshapandishwa. Tumboni pia yalikuwepo. Hakuna aliyenitazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutazamwa.

Kwenye teksi nilikaa mbele. Nyuma Mama alikuwa upande mmoja, Bibi upande mwingine, kaka katikati akijikuna viganja. Nilifumba macho, na mchana kweupe ndoto ikanijia: ukumbi mweupe, milango ile ile, lakini sasa nasikia nyundo. Nikaanza kusema nao kimoyomoyo, hao watu wangu wadogo. Acheni. Huyo ni kaka. Nyumba hiyo mmepewa, hamkuiteka. Kama mna hasira, rudini kwangu.

"Acha kukwaruza, mke mwenzangu," Bibi alisema kutoka nyuma. "Unanitia kichefuchefu."

Nikafumbua macho. "Si mimi, Bibi."

Ile sauti ya panya kwenye kabati ikaendelea. Kwenye kioo cha dereva nilimwona kaka, kidevu juu, analikwaruza kaakaa kwa ulimi, mdomo wake wa chini umevimba upande mmoja. Nilikuwa nautazama uso wangu mwenyewe.

Daktari alibonyeza mabaka kwa kidole. Yale ya shingoni yalikuwa yanafifia, na mapya yalikuwa yametokea mkononi.

"Amekula nini?"

Bibi alilisogeza fundo la leso nyuma ya mgongo. "Karanga. Kidogo tu."

"Karanga amekula maisha yake yote," Mama alisema. "Hazijawahi kumdhuru."

Daktari akanigeukia. "Na wewe?"

"Huyu hagusi," Mama alijibu, kisha akajisikia anachosema, akakaa.

Kaka akachomwa sindano, tukaambiwa tungoje. Jua la dirishani lilihama kutoka ukuta huu hadi ule, na mabaka yakalala moja moja, kama mikunjo chini ya pasi. Vile vipele vya kuogopwa, daktari alisema, haviji na kuondoka hivi. Alichukua damu ili ahakikishe, na baadaye majibu yalikubaliana naye. Chembe zinazolinda mwili zilijifunza kuchukia karanga zikiwa kwangu; zilipohamia kwa kaka, zilihama na chuki ile ile. Hazikuwa zinabomoa. Zilikuwa zimezoea nyumba kiasi cha kuchagua chakula. Na karanga, akamwonya kaka, asiguse tena.

"Kwa hiyo amenipa uhai na ugomvi wake humo humo," kaka alisema, ulimi bado mzito.

"Rudisha basi."

"Siwezi. Nimeshapokea."

Mama alinyoosha mkono, akaupindua ukosi wa blauzi yangu, akautazama upande wa ndani kama vile na mimi nakaguliwa, kisha akaulaza vizuri na kuacha kiganja chake pale.

Siku hizi Bibi akija na kukaanga karanga zake, kwenye ngazi ya uani tunakaa wawili. Kaka ananung'unika kwamba harufu yenyewe ni tamu, kwamba dunia imemwonea. Moshi unatufikia kidogo, makaakaa yanaanza kutuwasha.

"Nani huyo anakwaruza?" Bibi anauliza kutoka jikoni.

Tunakwaruza tena, wote kwa pamoja.