Ndoo ya Mwisho ya Kijani

Mtaani walimwita Mzee Chapuchapu, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kunywa chai ya moto mpaka aungue ulimi, kisha ailaumu chai. Katika karakana yao ya rangi, yeye aliuza mbele na mkewe alikoroga nyuma, na wateja walishukuru kwamba mpango ulikuwa hivyo.

Sasa mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nyuma kulibaki mapipa matupu, vigoda viwili, na ndoo moja ya rangi ya kijani aliyoikoroga kabla hajaanza kuugua. Hiyo alimwachia binti yao. Binti alikuwa mjamzito, na chumba cha mtoto kilikuwa kinangoja rangi. Asubuhi hiyo alipiga simu.

"Baba, ile ndoo usiiguse. Nikitoka kazini nakuja, tuikoroge wote."

"Sawa, mama," alijibu, akakata simu, na papo hapo akaona jioni iko mbali mno. Binti na tumbo lile ainamie ndoo, kweli? Bora akute mambo yameiva. Akatafuta mwiko wa mkewe, ule mrefu wa mbao, hakuuona. Akachukua kipande cha nondo.

Rangi ilikuwa imeshikana, nondo ikasimama yenyewe katikati. Hapo alimkumbuka mkewe, tena alimkumbuka vizuri, ndiyo maana hana pa kujitetea. "Hii haijaharibika, imelala tu," alizoea kusema marehemu. "Iamshe polepole." Siku moja mkewe alimweleza yote, Mzee amesimama mlangoni anachezea funguo: kwamba gundi iliyoyeyuka majini ni nyuzi ndefu zisizoonekana, ndizo zinazoushikilia unga wa rangi usizame. Na sabuni hutiwa kidogo tu, mwanzoni, ivike kila chembe ya unga ili chembe zisigandane. "Ikizidi, inazing'ang'ania nyuzi zenyewe, na unga unakosa wa kuubeba. Kaa basi nikuonyeshe."

"Kesho," alimjibu. Hizo kesho alizitoa bila hesabu, kama mtu mwenye ghala lake.

Akatia kizibo kimoja cha sabuni ya maji. Lo, rangi ikalegea, ikateleza kwenye nondo vizuri ajabu! Mzee akajiona fundi. Lakini chini bado palikuwa pazito, basi akaongeza. Kisha akaona vizibo vinamchelewesha, akainamisha chupa. Akakoroga kwa nguvu zake zote mpaka povu likapanda, akafunika ndoo, akaenda kunywa chai yake ya kuunguza.

Aliporudi akafunua. Juu yalikuwa maji, yamepauka kijani. Chini lilikuwa tope.

Akakoroga, ikachanganyika. Akaacha afute jasho, ikaanza kuzama tena. Akanyunyizia gundi ya unga iliyobaki kwenye kopo, ikafanya madonge yakaelea juu ya povu. Kazi ya mwisho ya mikono ya mkewe ilikuwa imekaa salama tangu msiba, na yeye ameimaliza mchana mmoja, bila kulazimishwa na mtu. Akaanza kutunga uongo: ndoo ilikaa sana, joto la humu ndani, kifuniko hakikubana.

Binti alifika amechoka, kabeba kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa. Akakifungua. Ulikuwa mwiko wa mama yake.

"Niliuchukua siku ile ya kugawa nguo zake," alisema, akiinama kutazama ndoo. Akachovya kidole kwenye povu. Mzee akajikaza kisabuni, uongo wake mdomoni.

"Baba, umetia sabuni?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Uongo ukamkwama. "Chupa," alisema.

Alitamani binti apige kelele. Hakupiga. Alivuta kigoda cha mama yake, kile kilichojaa matone ya kila rangi, akaketi taratibu akishika tumbo.

"Rangi ningenunua dukani, Baba. Zimejaa. Nilitaka tukae hapa, mimi na wewe, tukoroge. Hicho kigoda kingine unajua mama alikinunua cha nini?"

Mzee akakitazama. Siku zote alikitumia kuwekea makopo. Mbao zake zilikuwa safi kama zilivyotoka kwa seremala, hakuna hata tone.

"Nilidhani cha wateja," alisema.

"Wateja waje kukaa huku nyuma?"

Mzee alijua. Labda alijua tangu kiliponunuliwa. Akaona haya kumtazama mwanawe. Akaondoa makopo, akaketi. Kigoda kilikuwa chini kuliko alivyofikiri, magoti yakamlia.

"Angeniambia tu kwamba ananisubiri," alisema.

"Alikuambia, Baba."

"Aliniambia," akakubali.

Binti akamkabidhi mwiko, akaweka mkono wake juu ya wa baba yake. "Polepole," alisema. Wakakoroga ile rangi isiyofaa kitu, duara pana, bila haraka, na kijani kikapanda kama zamani. Walipopumzika kikaanza kushuka tena, wakakiangalia kinavyoshuka. Mzee akainua mwiko ili aanze upya, na tone moja likadondoka kwenye kigoda chake.

Hakulifuta.