Polidoros Kati ya Wafu

Niliingia Paleoskala Ijumaa alasiri, nikaegesha gari langu la kulala gatini, palipoanikwa nyavu. Miaka arobaini nimelala katika kila bandari ya Ugiriki, ila hii niliipitia mbali. Ndiko nilikozaliwa.

Sijazima hata injini, akaja mzee mnene mwenye funguo za kanisa kiunoni. Polidoros. Mimi nilimjua. Yeye aliona ndevu tu.

"Babu, hapa ni pa nyavu, si pa vitanda. Asubuhi nisikukute."

"Asubuhi utanikuta kanisani."

"Basi oga kwanza."

Ujanani, yeye na kaka yangu Argiris walivua kwa baruti. Siku moja Polidoros aliwasha utambi, baruti ikamponyoka mashuani, akajirusha majini. Argiris alikuwa kwenye makasia, ikamlipukia akafa. Niliyaona nikiwa juu ya mwamba. Polidoros akautangazia mji kwamba aliyewasha ni marehemu, na yeye alikuwa akimkanya. Nilibisha, lakini nani amsikilize mdogo wa mvunja sheria? Mama alikufa kwa aibu, asithubutu hata siku moja kumpelekea padri jina la mwanawe.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya Wafu. Kila nyumba hupeleka ngano ya kuchemsha na karatasi ya majina ya marehemu wake, padri ayasome. Ukoo hauandikwi, jina la ubatizo tu. Nilichemsha ngano yangu alfajiri kwenye jiko la gari, nikatia zabibu, nikaandika: Argiris. Chini yake: Polidoros. Mji mzima una Polidoros mmoja.

Padri alisoma kwa mazoea, jina la Polidoros likamtoka, kisha akainua macho. Watu wote wakageukia meza ya mishumaa, alikosimama Polidoros mwenyewe. Mabaharia wawili wa chombo chake cha uvuvi wakapiga ishara ya msalaba, wakajitenga naye.

Padri akauliza karatasi ni ya nani.

"Yangu," nikasema. "Mimi Pantelis, mdogo wake Argiris. Hawa wawili walikufa siku moja, ila mmoja hakuzikwa."

Ibada ilipokwisha, Polidoros alinishika mkono uani. Mabaharia walishamwambia hawapandi chombo cha marehemu.

"Pantelis, ndugu yangu, mwambie padri afute."

"Nani aliwasha utambi?"

Aliwatazama wanawake na mabakuli yao. "Mimi," akasema. "Argiris alikuwa anapiga makasia."

"Kwa sauti. Bibi yule pale masikio yake mazito."

Akarudia, mpaka bibi akaitikia kwa kichwa.

Padri alikuwa ameshatoa kalamu, akanitazama. Nikamwambia sikuahidi kitu. Nikaanza kugawa ngano ya kaka yangu, na Polidoros nikamjazia viganja vyote viwili. Kwetu anayeila lazima amwombee marehemu. Alitafuna polepole.

"Mungu amrehemu Argiris," akasema.

"Na yule mwingine."

Nikangoja hapo, ufunguo wa gari mkononi, mpaka akalitaja jina lake mwenyewe.