Mnyoosha Watoto wa Uyole

"Mtoto huyu hakuangushwa na mtu," daktari alisema, akiiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

Esnath alikazia macho sakafu. Ikupa, mke wa mwanawe, alikuwa amempakata Peter wa miezi mitano, mguu mzima umefungwa plasta. "Sasa kama hakuangushwa, dokta, ulivunjikaje?"

"Mfupa ni kama nguzo ya zege, ndani kuna nondo. Nondo za mwili ni kolajeni. Kwa Peter, jeni inayoelekeza mwili kuitengeneza ina kasoro. Hata weupe wa macho yake una ubuluu, unaona? Mifupa hii inaweza kuvunjika hata ukimvalisha nepi."

Hapo Esnath angepumua. Uyole walimjua: mtu akijifungua, yeye ndiye huitwa kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta, kisha kumnyoosha, mkono huu na mguu ule vikutane tumboni, halafu mguu uvutwe taratibu. Aliowanyoosha zamani leo wanabeba magunia ya viazi sokoni. Mjukuu wake mwenyewe angemnyima?

Siku chache nyuma, asubuhi, aliuvuta mguu wa Peter, akasikia kitu kikikatika kama kijiti kikavu. Peter akapiga ukelele. Esnath alimfunika khanga, akamkabidhi Severina, dada wa kazi, akaenda zake kufua nepi. Ikupa alirudi kutoka dukani akamkuta mtoto analia mikononi mwa Severina. "Umemwangusha!" Msichana aliapa, akalia, akamtazama bibi. Bibi akazidi kukamua nepi. Siku hiyohiyo Severina alipandishwa basi, akarudi kwao Igowole na jina baya.

"Masikini Severina wa watu!" Ikupa alisema sasa. "Tulimwonea. Nitampigia nimwambie kumbe ni ugonjwa tu, hakuna mwenye kosa."

Hakuna mwenye kosa. Kisingizio kilikuwa kimeshapakuliwa kama chakula, Esnath alitakiwa kula tu.  Lakini daktari alikuwa ameisamehe mikono yake tu. Habari za mdomo uliofumbwa Severina akifukuzwa hakuzijua.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namnyoosha. Mfupa niliusikia, mwanangu. Nikanyamaza."

Daktari akajifanya anapanga vitu mezani. Ikupa alimtazama mama mkwe wake. Halafu akatoa simu, akatafuta namba ya Severina, akaweka sauti kubwa na kuisukuma mbele ya Esnath.

"Mwambie mwenyewe, mama."

Haikuita sana.

"Shikamoo mama Peter!" Severina alisema mbiombio, kama mtu anayeogopa kukatiwa simu. "Jamani, mtoto anaendeleaje? Mguu bado unamuuma?"

Esnath aliivuta simu karibu na mdomo. Peter aliacha kunyonya kidole. Alikuwa ameitambua sauti ile, akageuza shingo, akawa anamtafuta Severina chumba kizima.