Mng'aro Chini ya Milima

Kwa asubuhi tatu mfululizo Matonya alikuwa ameuona mng'aro ule kutoka juu ya kilima cha Gulwe, naye hakuwa na shaka tena. Lilikuwa ziwa. Kesho yake angeswaga ng'ombe wote kulifuata.

"Umeona maji yenyewe, baba, au umeona mng'aro?" Yudith aliuliza.

"Ona mtoto huyu! Mng'aro wa nini kama si maji?"

Mama yake, Loisi, aliendelea kupepeta uwele. "Mpeleke akaone," alimwambia mumewe. "Usipompeleka hatutalala kwa maswali yake."

Walikuwa wageni pale. Ukame uliwahamisha kutoka magharibi, na habari za ziwa walizisikia tu kwa watu: liko chini ya milima. Kati ya ng'ombe thelathini na mmoja wa Matonya, tisa tu ndio waliokuwa wake. Wengine aliachiwa na marafiki awatunze na kunywa maziwa yao, kama ilivyokuwa desturi ya Wagogo. Rafiki wa Kibakwe alimpa hata fahali wake mweusi. Kwenda kwenye mng'aro ule kulikuwa mwendo wa siku mbili bila kisima njiani. Wasipokuta maji, ng'ombe wasingeweza kurudi, na Matonya asingekuwa na uso wa kumtazama rafiki yeyote.

Walipanda asubuhi ileile, kabla jua halijawa kali, wakipita katikati ya minyaa na mawe yaliyoteleza chini ya miguu. Haikuwa safari ndefu. Kule juu upepo uliwapokea, na Yudith akasahau kuhema. Upande wa kusini milima ya Rubeho ilisimama safu nyuma ya safu, ya mbele kijani, ya mwisho buluu kama moshi.

"Haya," Matonya alisema akinyoosha fimbo. "Lile pale."

Chini ya milima kitu kiling'aa, cheupe, kikali. Yudith alikikazia macho. Kikazimika. Kikawaka. Kikazimika mara mbili upesi upesi.

"Baba, maji hufumba macho?"

"Wingu limepita."

Yudith alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata la dawa.

Mwanga mwingine ukamulika nyuma yao, kutoka vilima vya Mpwapwa. Ukawaka, ukatulia, na ule wa kusini ukajibu. Hapo Yudith alikumbuka kitu alichokiona bomani walipokwenda kuuza samli: askari wa Wadachi, wale Wajerumani, ameinama nyuma ya kioo chenye miguu mitatu, akikichezesha juani.

"Ni vioo," alisema polepole. "Wadachi wanapelekeana habari."

Matonya aliketi juu ya jiwe. Fimbo ilimponyoka naye hakuiokota. "Kesho ningewaua wote," alisema. "Na yule mweusi."

Yudith aliketi karibu naye. Alitamani kumshika mkono, lakini swali likatangulia. "Yule rafiki yako wa Kibakwe alisema ziwa lina nini?"

"Alisema chini ya milima."

"Hakusema kingine?"

Matonya alifikiri. "Viboko. Na ndege wakubwa weupe, wenye mfuko chini ya mdomo. Nilimcheka."

Wakaacha kutazama kusini. Walikaa pale hata vivuli vyao vikawa vifupi. Yudith ndiye aliyewaona: ndege weupe, mbali upande wa mashariki, wakizunguka bila kupiga mbawa. Mmoja mmoja wakashuka nyuma ya kigongo cha chini, wala hawakupanda tena. Pembeni mwa kigongo palionekana ukanda mwembamba wa kijivu, usiong'aa hata kidogo, na nyuma yake milima mingine midogo.

"Kumbe hata ile ni milima," Matonya alisema. Alipima kwa macho. "Mwendo wa siku moja. Kwanza nitakwenda peke yangu na kibuyu, niyaonje. Ng'ombe watangoja."

Aliokota fimbo, wakaanza kuteremka. Yudith aligeuka mara ya mwisho. Vioo vilikuwa bado vinawaka na kuzimika.

"Baba, unadhani wanaambiana nini?"

"Nani ajuaye mambo ya Wadachi?" Matonya alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Labda wanaulizana maji yako wapi."