Kicheko cha Mwenyekiti

Mfuko wa kwanza wa saruji uliposoma kilo arobaini na sita, Philomena alimgeukia fundi Anatoli kwa hasira ya mtu anayejua haki yake.

"Fundi, saruji hii umenunua wapi? Imeandikwa hamsini ubavuni. Wamekupunja!"

Maskini fundi wa watu hakuwa na habari ya kupima. Alikuja asubuhi ile kuziba mashimo kwenye sakafu ya ofisi ya ushirika, akamwaga maji ili asugue vumbi, kisha akatafuta mahali pakavu pa kuweka mifuko yake. Akaona mizani ya pamba. Namba nyekundu zikajiwakia zenyewe.

"Mama, nimeichukua Bariadi mjini," alisema. "Haijafunguliwa. Angalia mshono."

"Ndiyo maana hatuendelei. Kila mahali wizi! Hebu weka wa pili."

Wa pili ukasoma arobaini na sita. Wa tatu ukasoma vilevile.

Hapo hasira ya Philomena ikaishia mdomoni. Mtu anaweza kupunja mfuko mmoja akajisahau, lakini nani apunje mitatu kwa kiasi kilekile? Aliitazama mizani, akamtazama fundi. Fundi alikwisha kuelewa kabla yake, naye aliinamisha macho kama mtu aliyeona khanga ya mkubwa wake imedondoka njiani.

Kuna mshtuko wa kupiga yowe na kuna mshtuko wa kukausha mate. Huu ulikuwa wa kukausha mate. Philomena alikaa juu ya rundo la magunia matupu, akavitazama viatu vyake.

Mizani ile ndiyo iliyompa jina. Kabla hajachaguliwa mwenyekiti, chama chao, hapo kijijini upande wa Lagangabilili, kilikuwa kichekesho cha wilaya. Pamba ikikaa ghalani hukauka na kupungua uzito, wenyewe huita unyaufu, na ikifika kiwandani ikapimwa upya, upungufu wote ni juu ya chama. Viongozi waliopita walifukuzwa kwa unyaufu. Alipoingia Philomena, unyaufu ukakoma. Misimu miwili hakupungukiwa hata kilo moja. Watu walikuja kutoka Maswa na Busega kumuuliza siri ni nini, naye alikuwa akijibu, "Siri ni uadilifu, ndugu zangu. Mungu huongeza palipo na haki."

Na ubaya ni kwamba aliyaamini hayo maneno. Kama angekuwa mnafiki, labda angejiuliza pamba gani hiyo isiyokauka kwenye jua la Simiyu. Lakini mtu mwema akishajijua kuwa ni mwema, ni shida tupu. Haulizi tena.

Lilimjia sasa neno la Maige.

Maige ni mdogo wa mume wake, mjumbe wa kamati, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa. Shemeji na shemeji ni watani, nani asiyejua? Kila kikao lazima Maige amchokoze Philomena, naye amrudishie, na wajumbe wacheke ndipo kazi ianze. Msimu uliopita alisimama akashika kiuno. "Shemeji, hii mizani yako ina njaa kuliko mimi. Nimeileta pamba yangu imeshiba, imerudi imekonda!" Philomena akamjibu, "Mizani ikikuona wewe lazima isikie njaa, inajua utaimalizia chakula." Kikao kizima kikavunjika mbavu. Philomena mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi.

Baada ya wiki chache mkulima mmoja, Milembe, akalisema jambo hilohilo. Yeye hakuwa shemeji wa mtu. Alisema kavu, mbele ya foleni, kwamba pamba yake ameipima kwa jirani na hapa imepungua. Philomena aliona chama kinachafuliwa. Akamsimamisha katika mkutano mkuu, mtoto mgongoni, akamtaka aombe radhi kwa kuwaita wenzake wezi. Milembe akaomba. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu wa nyuma walipaza sauti, "Hatusikii!" na Philomena akamwambia arudie.

Arudie! Kumbukumbu hiyo ilimchoma Philomena kifuani pale juu ya magunia.

Method, karani wa mizani, akaingia akipiga mluzi, kofia ya pikipiki mkononi. Aliona mifuko ya saruji juu ya mizani na mluzi ukakatika.

"Mwangaluka, mama mwenyekiti."

"Method, mizani hii ina nini?"

Philomena alitegemea akane. Alitegemea aape kwa mama yake, ashike Biblia, alaumu umeme. Alikuwa ameshapanga maneno ya kumkamata nayo. Method akavuta stuli akakaa, mtulivu kama anaulizwa habari za nyumbani.

"Niliirekebisha baada ya wale wa ukaguzi kuondoka. Bila hivyo unyaufu ungetumaliza, mama. Na sikula hata kilo, uliza popote. Kila kilichozidi kilibaki ghalani kufidia pamba inayokauka. Nilikuwa nakulinda wewe."

"Kunilinda mimi? Kwa jasho la watu? Nani alikuruhusu?"

Kijana akamkodolea macho. Mshangao wake haukuwa wa kuigiza, na hicho ndicho kilichomtisha Philomena.

"Si wewe, mama?"

"Mimi!"

"Shemeji yako alilisema kwenye kikao, mbele yako na mbele yangu. Mizani ina njaa. Mimi nilitetemeka, nikajua leo ndiyo mwisho wangu. Wewe ukacheka. Usiku ule sikulala, nikangoja kesho uniite ofisini. Hukuniita. Halafu Milembe akasema, ukamuombesha radhi." Method alishusha sauti kwa heshima. "Nikajua mwenyekiti anajua, ila mambo mengine mkubwa hayasemi kwa mdomo."

Philomena aliinuka kutoka kwenye magunia. Mungu wangu! Mwizi aliyemtafuta kwa miaka yote, yule anayemkemea katika kila kikao, alipewa ruhusa kwa kicheko. Kila jino alilolionyesha siku ile lilikuwa saini yake. Na Maige je? Maige hakuwa anatania hata kidogo. Alilifunga lile neno ndani ya utani kwa sababu utani ndio mlango pekee uliokuwa wazi kwa mwenyekiti mwema kiasi hicho, asiyeambiwa kitu.

Nje mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa imeanza kufika. Watu walisalimiana, mwangaluka, mhola, na viroba vilishushwa chini kwa vishindo.

"Haijaharibika kitu," Method alinong'ona. "Dakika chache tu naiweka sawa. Tuanze leo kwa haki, nani atajua? Ukisema, mama, chama kinakufa. Na wale wageni wa wilaya nyingine wanaokuja kujifunza kwetu utawaambia nini?"

Uongo ni dhambi kuusema. Usikubali mtu akwambie kwamba Philomena hakushawishika. Alishawishika. Aliona chama kimefungwa, jina lake likitembezwa gulioni, mume wake akikwepa watu kanisani. Aliona jinsi kunyamaza kulivyo rahisi, kazi ya kufunga mdomo tu. Alimtazama fundi Anatoli, ambaye alikuwa anakoroga mchanga mkavu bila maji, akijifanya hasikii.

"Toa saruji kwenye mizani," alimwambia Method. "Kisha usiiguse tena."

Akatoka.

Maige alikuwa mbele ya foleni, ameketi juu ya kiroba chake. "Shemeji! Leo umechelewa, kaka yangu alikushika mguu?" Watu wakacheka. Philomena hakucheka. Alisimama mbele yao akiwa na vumbi la magunia kwenye sketi, akasema kwamba mizani ya chama imewapunja misimu miwili, kila mmoja wao, kila kiroba. Kwamba karani ndiye aliyeiharibu na yeye mwenyekiti ndiye aliyeambiwa akacheka. Kwamba leo hapimwi mtu mpaka wakaguzi waje.

Mzee mmoja alivua kofia akaikunja, akaikunjua. Mama mmoja alimuuliza jirani yake kwa Kisukuma kama amesikia vizuri. Maige alishuka polepole kutoka kwenye kiroba, na uso wake wa utani ulikuwa umemwacha kabisa.

"Nilidhani umenielewa siku ile, mwenyekiti," alisema. "Nikadhani umeamua."

Kumbe hata yeye alikichukua kicheko kile kuwa ruhusa!

Kisha akamwona Milembe. Alikuwa katikati ya foleni, ameshika kamba ya baiskeli iliyobeba pamba, mtoto yule sasa anatembea, amemng'ang'ania sketi. Philomena alimwendea, watu wakampisha. Mbele ya kila mtu akapiga magoti, yeye mwenye umri wa kumzaa Milembe. Foleni nzima ilivuta pumzi. Mtu mzima hapigii mtoto magoti, si huku.

"Mwanangu, nisamehe. Ulisema kweli, mimi nikakuaibisha."

Milembe hakumwinua. Aliweka baiskeli yake vizuri isianguke.

"Mayu, mama yangu, mimi niliomba radhi kwenye mkutano mkuu," alisema. "Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Hapa ni foleni tu. Wengi hawapo."

"Nitaitisha mkutano."

"Itisha. Na mimi nitakaa nyuma kabisa, mayu. Useme kwa sauti. Nisiposikia, utarudia."