Mahari Popote Ulipo

Kabula alijifunza herufi R akiwa na miaka ishirini na sita, tena kazini, na jamani, asije mtu akasema ni jambo dogo. Mtu aliyelelewa kwa Kisukuma huko Mwimbi, akichunga ng'ombe wa baba yake, Mzee Mboje, R ataitolea wapi? Kwao habari ni habali, bora ni bola, na hakuna aliyewahi kufa kwa hilo.

Ila Abdala, mwenye duka la pembejeo pale Majengo, alimpa miezi mitatu ya majaribio kwenye simu ya wateja, na karatasi akaibandika ukutani: ONGEA KIOFISI.

"Ukinyoosha lugha nakupa mkataba," alimwambia. "Mteja akisikia habali anajua amepiga simu porini."

Porini! Neno lile lilimchoma Kabula, lakini kazi aliitaka. Alitaka siku moja mtu asikie sauti yake kwenye simu, amwite dada kwa heshima. Basi akajikaza. Asubuhi, kwenye baridi ile ya Sumbawanga, alitembea kwenda kazini akirudia: ratiba, risiti, robo tatu. Waliopishana naye walidhani anasali rozari.

R ikaja. Tatizo ilikuja ikapitiliza. Wiki ya sita Abdala alimtaka arekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la wateja la WhatsApp. Kabula akajiweka sawa kwenye kiti, akasema kiofisi kabisa: "Tunakuletea mbolea mahari popote ulipo."

Mahari! Badala ya mahali, duka la mbolea likaanza kupeleka mahari kwa watu. Loo, walivyocheka! "Dada, ng'ombe wangapi?" "Mimi nipo Kabwe, mahari yangu inafika lini?" Sauti ikarushwa kutoka kundi hadi kundi. Kabula alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye simu. Mwezi uliofuata alikuwa anasema mahali na habari safi kuliko Abdala mwenyewe.

Siku majaribio yanaisha, Abdala akamwita, meno yote nje.

"Mkataba wako huu hapa. Ila kwanza soma hili tangazo, linakwenda redioni. Watu wanakuja dukani wanamuulizia yule wa mahari. Umeniuzia kuliko mabango yote!"

Kabula akashika karatasi. "Habari zenu, wateja wetu bora..."

"Aa-aa. Soma ulivyoandikiwa."

Akaangalia vizuri. *Habali zenu, wateja wetu bola. Mahari popote mlipo.*

"Bosi, mimi siongei hivi tena."

"Najua. Ndiyo maana nimekuandikia."

Wala hakuwa anatania, na hilo ndilo lililomuuma Kabula zaidi. Alifikiria kuondoka. Kisha akafikiria kurudi Mwimbi mikono mitupu, baada ya kumringia kila mtu kwamba yeye ni wa ofisini. Akasoma. Walirudia mara nne, kwa sababu R zilimponyoka na kukaa pale zinapotakiwa. Halafu akatia sahihi mkataba.

Wiki mbili baadaye baba yake akampigia, akiwa kazini.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba, mwanangu. Sikia. Kuna msichana kwenye ledio anatuigiza Wasukuma, eti anatangaza mbolea. Si wa kwetu yule, namna anavyoyavuta maneno! Sasa nikipita sokoni watu wananiita mzee wa mahali, wanacheka. Mimi, na mvi hizi! Wewe uko huko, unajua kuongea na wakubwa. Nenda ukawaambie waache."

Uso ulimwaka Kabula. Alitaka kusema ni mimi, baba. Lakini aibu aliyoisikia hapo ilizidi ile ya chooni.

"Nitawaambia, baba."

"Vizuri. Mimi naona fahali sana kuwa na mtoto kama wewe."

Fahali. Kabula hakucheka. Simu ya duka ikaanza kuita pembeni yake, na Abdala akainua macho kule kaunta, akisubiri kumsikia yule wa mahari. Akamuaga baba yake harakaharaka, akapokea.

"Habali yako, mteja wetu."