Kiti cha Sita

Asubuhi ile hata chai haikunipita kooni. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha fundi wa kuchapa picha, kompyuta ya dada magotini, nikimsubiri dada atamke neno moja tu: "Fungua." Yeye anachora, mimi nauza. Nyumbani wananiita Kiherehere, na siku ile jina lilinikaa vizuri.

Duka letu la mtandaoni lilikuwa na picha moja, inauzwa kwa njia mbili. Ukitaka, unalipa kidogo na kupakua faili lako papo hapo. Ukitaka kujidai, unachukua nakala iliyochapwa kwenye karatasi nzito, ina namba yake na saini ya dada. Nakala ishirini tu. Dada akishasaini nakala ya majaribio, ile fundi anayoitanguliza ili rangi zikaguliwe, picha imefungwa: habadilishi hata kope, na ya ishirini na moja haichapwi hata umpigie magoti.

Picha yenyewe ilikuwa meza yetu ya nyumbani. Bibi, baba, mama, dada na mimi tumekaa tunakula. Watu watano, viti sita. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma.

Ni kiti cha kaka. Zamani yeye na dada walikuwa wakichora mabango ya maduka pamoja, mpaka dada akanunua kishikwambi na kuanza kuchorea humo. Kaka akamcheka mbele ya wageni. "Hakuna mwenye akili atakayenunua picha isiyoshikika," alisema. Dada akamjibu maneno mazito kuliko hayo, kaka akafunga brashi zake, akahamia mji mwingine. Mwaka wa tatu huo hawasemeshani. Mama peke yake ndiye humpigia simu, akiwa bafuni, maji yakimwagika, anadhani hatusikii.

Na dada alikuwa amemchora! Niliona kwa macho yangu. Picha za kompyuta huchorwa kwa matabaka, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, na usichotaka kionekane unazima tabaka lake. Wiki nzima kaka alikuwa pale kitini, shati la mistari, penseli sikioni, ncha ya ulimi nje. Jana yake dada akamzima.

"Dada, mwashe," nilimwambia tena asubuhi ile. "Ukisaini bila yeye, ndiyo basi tena."

"Aliyeondoka ameondoka. Fungua duka, tuanze na mafaili ya kupakua."

Nikafungua. Ting! Mteja wa kwanza. Nikaruka juu, kompyuta nusura idondoke. Ting! Ting!

"Wamepakua!" nilipiga kelele.

"Wamepakua nini, na mimi sijapika?" alisema mama kutoka kwenye kochi la wateja, amevaa kama anakwenda harusini.

"Msipumulie karatasi," alisema fundi. Fundi yule huvaa glovu nyeupe na hana mzaha hata chembe.

Kisha ikaja ting ambayo haikuwa mteja mpya. Ilikuwa malalamiko: faili halifunguki kwenye simu. Likafuata jingine. Nikaangalia nilichopakia, nikaona kosa langu. Mafaili yote mawili, la kazi na la kuuza, yanaitwa Meza. Badala ya picha iliyokamilika, nilikuwa nimewapa watu faili la kazi la dada, na matabaka yake yote.

"Yaani mimi nimewakaribisha watu mezani," dada alisema, sauti imepanda, "wewe umewafungulia mpaka jikoni! Mtu mwenye programu ya kuchorea si ataona kila kitu?"

"Nisamehe, dada. Nilikuwa na furaha mno."

"Una kiherehere mno!"

Nilifunga duka haraka. Fundi, ambaye ugomvi wa wateja haumhusu, akaweka nakala ya majaribio mezani na kalamu pembeni. "Rangi zimekaa. Saini, nianze ishirini zako."

Dada alishika kalamu. Ting.

Ujumbe huo ulitoka kwa mteja aliyejiita Fundi Mabango. Nikausoma kwa sauti.

"Siku hizi hata mabango tunachorea kwenye kompyuta, kwa hiyo nimewasha tabaka lililozimwa. Shati ni lenyewe. Ule ulimi ni uongo, sijawahi kutoa ulimi. Niliwahi kusema hakuna mwenye akili atakayenunua picha isiyoshikika. Basi mimi akili sina. Hongera, mdogo wangu. Ni nzuri mpaka nimeshindwa kula."

Dada alimgeukia mama polepole.

"Mama, nani amemwambia kuhusu duka?"

"Mimi nitajuaje?" alisema mama, akitazama dari. "Nilikuwa bafuni."

Dada alicheka, na kicheko hakijaisha machozi yakawa yanamtoka. Akairudisha kalamu mezani, akaninyang'anya kompyuta, akabonyeza mara moja. Kaka akatokea kitini, karibu na dirisha, utadhani hakuwahi kunyanyuka.

"Fundi, nisamehe. Chapa nyingine ya majaribio."

"Na ulimi?" niliuliza.

"Ulimi unabaki. Anautoa, tena mrefu! Nimechora naye mabango miaka mingapi?"

Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Niliwatumia wateja wetu faili jipya, safi, linalofunguka, kaka akiwa ndani, na samahani juu yake. Fundi alinuna, akabadilisha glovu, akachapa. Safari hii dada alisaini bila kusita, na fundi akazichapa zile ishirini. Tukafungua duka tena, sasa na zile nakala ishirini, na simu ikawa haipumui. Hata fundi nilimwona akichungulia hesabu kwa jicho la pembeni.

Lakini namba moja sikuiweka sokoni. Nilimwandikia Fundi Mabango: "Nakala ya kwanza ni yako. Tuitume wapi?"

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Msiitume. Hiyo inashikika, nakuja kuishika mwenyewe. Jumapili."

Nilimpa dada asome. Alisoma, akasoma tena, akaichukua nakala namba moja kwa ncha za vidole na kuilaza peke yake, mbali na zile nyingine.

Mama alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Twendeni nyumbani," alisema. "Kile kiti kina vumbi."